Detekta ya IP68 imeingia maji, nimekosea wapi?

mchanga_mkavu:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hata usingizi sikupata. Nina detekta ya kutafutia vitu vya chuma imeandikwa IP68 (alama ya kuzuia vumbi na maji), kitabu chake kinasema inazama hadi mita 3, na mimi sijawahi kuipitisha hata kiunoni. Jana jua kali, nimetafuta kwenye mchanga mkavu kama masaa mawili halafu nikaingia baharini moja kwa moja, maji ya magoti tu, baada ya muda kioo kikaweka ukungu kwa ndani na leo asubuhi naona matone kabisa. Nimeizima. Naiokoaje? Na ikipona nifanyeje isirudie, nimejichanga muda mrefu kuinunua inaniuma kweli.

fundi_koili:
Pole sana mkuu. Usiiwashe kujaribu na usiichaji kabisa, chumvi na umeme vikikutana vinakula shaba ya bodi (saketi ya ndani) haraka mno. Betri kama inatoka bila kufungua boksi itoe sasa hivi. Waranti kama bado ipo usiguse skrubu hata moja, irudishe hivyo hivyo maana ukifungua mwenyewe wanakukatalia. Kama imeisha, ifunguliwe leo, bodi ioshwe kwa maji yasiyo na madini (yale ya betri za gari, sio asidi) kisha spiriti safi ya isopropili, uiache ikauke siku mbili tatu. Na usiizike kwenye mchele, mchele hautoi chumvi, maji yatakauka ila chumvi inabaki pale pale inavuta unyevu upya.

zamia_taratibu:
Kwa ulivyoeleza mimi nadhani joto ndio lilianza. Boksi jeusi likikaa juani hewa ya ndani inapanuka, ukiitia ghafla kwenye maji ya baridi hewa inasinyaa na kunyonya maji kupitia upenyo wowote uliopo. Piga hesabu, kutoka nyuzi 50 hadi 25 presha ya ndani inashuka karibu asilimia 8, ni kama umeizamisha sentimita 80 zaidi. Sili (kizuizi cha maji kwenye maungio) ikiwa nzima inahimili hiyo bila shida, lakini ikiwa na punje ya mchanga au hata unywele mmoja haihimili. Mimi kabla ya kuingia naiweka kivulini kwanza, namwagia maji kidogo kidogo mpaka ipoe.

Halafu hizo IP68 watu wanazielewa vibaya, kipimo kinafanyika kwa kifaa kipya, maji matamu yaliyotulia, na kina anaamua mtengenezaji mwenyewe, ndio maana detekta ya Equinox 800 ni mita 3 na ya Deus II ni mita 20.

mchanga_mkavu:
Duh! Nimefungua kifuniko cha betri nikakuta mchanga kwenye oringi (ule mpira wa duara unaozuia maji), tena juzi nilibadilisha betri pale pale ufukweni mikono ikiwa na mchanga. Naumia.

zamia_taratibu:
Basi ni hiyo. Betri badilisha nyumbani, mikono mikavu. Oringi itoe kwa kucha au kitu cha plastiki, sio kisu, ifute pamoja na mfereji wake, paka grisi ya silikoni nyembamba tu ing'ae, ukijaza inakamata mchanga. Ikiwa imebonyea au ina ufa weka mpya.

fundi_koili:
Na kila ukitoka baharini osha kwa maji matamu kabla chumvi haijakauka, usitumie mpira wa maji wenye presha, loweka tu na uimwagie. Vua kava ya koili (ile sahani ya chini inayohisi chuma), mchanga unajificha humo, legeza na vifungio vya mti wa detekta (fimbo yake). Pini za chaji zikauke kabisa kabla hujachomeka chaja, hapo wengi wameua mashine nzima. Tundu la hedifoni je, lilikuwa na kizibo? Kwenye baadhi ya mashine kile kizibo ndio sili yenyewe, na hedifoni za kawaida hazizibi chochote.

mchanga_mkavu:
Kizibo kipo, nimekikuta kimekaza. Waranti imebaki miezi minne kwa hiyo sifungui, betri nimetoa, kesho naipeleka. Asanteni sana, nitarudi kuwaambia wamesemaje.