Wauzaji wa "mbegu za zulia la tangi", mtatuulia samaki mpaka lini?

Wakuu, salamu baadaye. Leo natema nyongo, na wahusika humu mpo, mnajijua.

Kuna hizi pakiti ndogo za mbegu zinazouzwa mitandaoni na kwenye baadhi ya maduka ya samaki wa mapambo. Tangazo ni lilelile kila mahali: picha ya tangi ambalo sehemu ya mbele yote imetandwa na majani mafupi ya kijani kibichi kama zulia, samaki wadogo wanakatiza juu yake. Maelezo: mwaga mbegu, nyunyizia maji, subiri siku chache, jaza tangi, umemaliza. Eti hakuna haja ya taa ya maana, gesi ya hewa ukaa wala mbolea. Kabla ya kutoa hela nilimuuliza muuzaji: huu mmea unaishi chini ya maji? Akanijibu bila kupepesa, "Mkuu, huo ni wa majini kabisa."

Uongo mtupu!

Mbegu zinaota, hapo hawadanganyi. Na ndipo mtego ulipo. Ukizimwagia maji zinavimba na kutoa utelezi, aliyewahi kuloweka chia anaujua. Baada ya siku chache mchanga wote ni kijani, unapiga picha, unamtumia muuzaji, naye anaiweka kwenye status yake kama ushahidi wa "mteja wetu". Kisha unajaza maji. Majani yanaanza kuwa na rangi ya njano, yanapauka mpaka unaona ng'ambo, shina linalegea, na mwisho vipande vyenye ute vinaelea na kuziba filta. Ukimrudia anakwambia shida ni maji yako.

Sio maji yangu. Nyingi ya mbegu hizo ni za mimea ya nchi kavu, au ya kinamasi inayotaka kichwa kiwe nje. Mbegu inachipua kwa akiba ya chakula iliyobeba yenyewe. Ikishatoa majani inajipatia hewa ukaa kutoka hewani, na juu ya mchanga mbichi usiofunikwa na maji hewa hiyo ipo ya kutosha. Ukiufunika mmea kwa maji umeukaba, kwa sababu ndani ya maji gesi hiyo husambaa polepole mno, kama mara elfu kumi kuliko inavyosambaa hewani. Mmea unaoweza kuishi majini hutengeneza majani mengine, membamba na laini, ya kunyonya hicho kidogo kilichopo. Usioweza unaoza. Mbolea hata umwage ndoo nzima haiusaidii chochote.

Kuoza kwenyewe kungekuwa hasara ya hela tu, ningenyamaza. Lakini majani yanayooza yanatoa amonia na kumaliza oksijeni. Tangi jipya halina bado bakteria wa kutosha wa kuigeuza hiyo amonia. Na wauzaji haohao wanakuuzia mchanga mweupe wa pwani wenye vipande vya kombe na matumbawe, ambao unapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (kikipanda, uchachu unapungua). pH ikishapita 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali inaongezeka. Samaki wangu walianza kuhemea juu ya maji jioni, asubuhi nikawa naopoa mizoga. Kubadilisha maji usiku ule kuliokoa wachache.

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni ujanja wa hawa watu kujificha nyuma ya njia ya kweli. Kupandia kwenye udongo mbichi kabla ya kujaza maji ni njia halali. Wapandaji wanafunika tangi kwa nailoni kwa wiki kadhaa mizizi ishike, ndipo wanajaza. Ila wanaotumia njia hiyo wanatumia mimea inayojulikana kuwa inaishi pande zote mbili: Monte Carlo, Hemianthus callitrichoides wa Cuba, Glossostigma, Eleocharis. Kwa kawaida hii haiuzwi kwa pakiti ya mbegu. Inauzwa ikiwa mimea hai, kwenye vyungu vidogo au kwenye vikopo vya miche ya tishu iliyokuzwa maabara, teknolojia ileile ya migomba. Unaigawa vipande vidogo, unachomeka kimoja kimoja kwa kibano, sentimita mbili tatu kati yao, mpaka mgongo ukuume.

Hizo picha mnazoiba za matangazo ni za watu waliofanya kazi hiyo. Takashi Amano, yule Mjapani wa Niigata aliyefariki 2015, ndiye aliyefanya dunia itamani zulia la Glossostigma, na matangi yake yalikuwa na taa kali, hewa ukaa ya mtungi, udongo maalumu na mkasi wa kupunguza majani kila mara. Hewa ukaa inalengwa kwenye miligramu 30 hivi kwa lita. Kuna kichupa cha kipimo kinachoning'inizwa ndani ya tangi: bluu ni kidogo, kijani ni sawa, njano samaki wako hatarini. Taa iwake kwa muda wa saa sita mpaka nane kwa siku, ukizidisha unalima mwani. Asiye na mtungi anatumia hamira na sukari kwenye chupa ya soda. Inafanya kazi, ila haina kipimo cha uhakika na haizimiki usiku, kwa hiyo umeme ukikatika na filta ikasimama, gesi inajaa samaki wakose hewa, wewe amka tu.

Ndiyo, inachosha na ina gharama. Semeni hivyo basi! Asiyetaka gesi mwambieni achukue Sagittaria subulata au Marsilea, ajue atasubiri miezi, sio siku. Na msimuuzie zulia mtu mliyemuuzia samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa wiki hiyohiyo. Mbuna anachimba mchanga na kung'oa kila kitu, na maji yake magumu sio maji yanayopendwa na mimea mingi ya zulia. Muuzaji wa samaki hajui hilo? Anajua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi mnalipita. Pakiti haina jina la mmea. Haina nchi ilikotoka. Hatujui tunamwaga nini, na maji ya tangi yanaishia mtaroni, mtaro unaishia mtoni. Gugumaji lililolisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 nalo lilisafiri kutoka Amerika Kusini kama ua la mapambo. Mbegu kutoka nje zina utaratibu wake wa vibali na ukaguzi, na tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa kazi hiyo. Hizi zinakuja ndani ya bahasha kama betri za saa.

Sasa wajuvi mtakaokuja na "vuta subira, ongeza mwanga": kama hujaliona zulia la mbegu hizo likiwa hai chini ya maji baada ya miezi sita, tangi lako mwenyewe, sio video ya mtu, tafadhali pita tu.

Wauzaji, swali langu ni moja na nataka lijibiwe hapahapa, sio inbox. Mmea huo unaitwaje? Jina lake la kisayansi, maneno mawili. Ukishindwa kulitaja, rudisha hela za watu. Na wenzangu mliopigwa, wekeni picha za mbele na nyuma ya pakiti zenu tulinganishe, maana nahisi mzigo wote unatoka sehemu moja.