Shamba la Mtanga: migomba, michikichi, au pilipili na tangawizi?

BintiKibirizi: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Baba ameniachia kipande cha shamba Mtanga, upande wa mlimani, jirani na mpaka wa Hifadhi ya Gombe, hapa Kigoma. Nataka bustani ya mboga na matunda ya nyumbani, na mahali pa kukaa jioni nitazame ndege. Nimebaki na njia tatu hizo za kichwa cha habari. Naomba ushauri wa waliolima huko.

Mzee_Mwamgongo: Marahaba binti. Mlimani usipande migomba. Nililima ndizi na mahindi miaka sita. Nyani wanashuka asubuhi umande haujakauka. Mmoja anakaa juu ya jiwe kuangalia, wenzake wanaingia. Anavunja hindi, anatafuna mara mbili, anatupa, anashika jingine. Ukiingia ndani kunywa chai, ukitoka shamba limekwisha. Watoto wangu walikosa masomo kwa zamu za kulinda, na hilo ndilo lililoniuma hadi nikaacha.

Chozi_wa_Mwanga: Namuunga mkono mzee, ila migomba miwili mitatu mlangoni kabisa usiikose. Ua la mgomba likifunua ganda lake jekundu, ndege chozi dume anakuja kunyonya, kichwa chini miguu juu, shingo inawaka kijani kama imepakwa mafuta. Mimi huahirisha kufagia uwanja nisimshtue.

MiseNaMawese: Mkoa huu ni wa michikichi, na mbegu ya tenera, ile chotara, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Ukiwa na bahati utamwona hata yule tai mweupe mwenye mbawa nyeusi anayekula chikichi. Lakini kwa shamba lako siishauri. Sokwe wa Gombe wanazipenda chikichi mno, na ukiwazoesha shambani utawaumiza. Magonjwa yetu yanawapata: mwaka 1966 polio iliingia Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Hifadhi yenyewe ni ndogo, sokwe hawana pa kukimbilia.

BintiKibirizi: Hilo la polio sikulijua, limenigusa sana. Na kahawa je?

Mkulima_Kalinzi: Kahawa tuachie sisi wa juu, dada. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770 tu juu ya usawa wa bahari, arabika itakusumbua huko chini kwa joto. Panda pilipili kichaa mstari wa nje, unaotazama msitu. Nyani akionja moja harudi kwenye mche huo. Nyuma yake weka tangawizi mvua zikianza, ufunike udongo kwa majani makavu, uvune baada ya miezi minane hadi kumi. Mchicha na nyanya ziwe karibu na jiko, ambako mtu yupo siku nzima.

Mzee_Mwamgongo: Na maganda ya ndizi usitupe nje, fukia. Nyani huanza kuizoea nyumba kwa hayo.

BintiKibirizi: Asanteni sana. Basi pilipili na tangawizi mlimani, migomba mitatu mlangoni. Jumamosi napanda boti la Kibirizi kwenda kupima mistari. Mkulima wa Kalinzi, mbegu ya tangawizi napata kwako?

Mkulima_Kalinzi: Ipo. Njoo na gunia lako.