Poka ya limiti: ukisubiri flashi, ufuate, upandishe au utupe?

Karata_AreaD: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tulikuwa wanne kibarazani, tunachezea karanga, kila karata imekandamizwa kwa kijiwe (upepo wa Dodoma mnaujua). Dau lina kikomo (ndiyo limiti): karanga 2 raundi mbili za mwanzo, 4 raundi mbili za mwisho. Kila mtu kaweka 2. Mkononi nina ree ya kopa na 7 ya kopa. Mezani zikafunguliwa za wote: 9 ya kopa, 4 ya kopa na mfalme wa shupaza. Imebaki kopa moja nipate flashi (karata tano za aina moja). Wa kwanza kaweka 2, wa pili kafuata (kalipa 2 hizo hizo), wa tatu katupa. Mimi wa mwisho. Nikatupa, maana shemeji aliyenifundisha anasema karata isiyoiva haifuatwi.

MamaZabibu: Umetupa?! Mezani kuna 12, unadaiwa 2. Sita kwa moja! Usizoziona ni karata 47, kopa 9. Zinazokukataa 38, zinazokukubali 9, yaani nne na kidogo kwa moja; meza inalipa sita, kwa hiyo fuata. Shemeji kazoea poka isiyo na limiti, huko mtu anashusha dau kubwa la kukufukuza. Kwenye limiti hawezi.

Mzee_Nzuguni: Dada kasema kweli, ila mimi ningepandisha. Karata mbili bado zinakuja, kopa utaipata kama asilimia 35, na kila karanga yako inavuta mbili za wenzako. Halafu karata ya nne ikifunguliwa, mara nyingi wanakuogopa, wanapita bila kuweka dau. Kopa haikuja? Nawe pita, ya tano uione bure. Umelipa 4, wakati anayefuata tu atalipa 2 kisha 4.

MamaZabibu: Mpaka huyo wa kwanza apandishe tena, mzee wangu. Mwenye jozi ya wafalme hakuogopi.

Mzee_Nzuguni: Akipandisha nalipa, siumwi.

Dogo_UDOM: Na mimi mwenye 5 na 6, mezani 8, 9 na mfalme?

MamaZabibu: Unasubiri 7 tu ukamilishe mfuatano wa 5 hadi 9, nazo ziko nne. Karibu kumi na moja kwa moja. Tupa, mwanangu.

Karata_AreaD: Nimewaelewa. Ila hizo 12 ni za kwenye hesabu. Shemeji alikuwa anatafuna, nadhani zilibaki 9.

MamaZabibu: Tisa kwa 2 bado inalipa. Zikifika 8 ndipo tuanze kubishana.