Wanatusainisha "shirika halitahusika", wanavunja gitaa, kisha wanatutolea sahihi yetu wenyewe

Wakuu, nimeyavumilia mashirika ya ndege vya kutosha. Naandika huku gitaa langu liko kitandani, kichwa kimekatika pale kinapoungana na shingo, kinaning'inia kwenye nyuzi. Nimeliangalia tangu jana usiku na bado mikono inatetemeka kwa hasira.

Niko safarini mwezi wa kumi na nne sasa. Hii si likizo ya wiki mbili. Niliondoka na begi moja la mgongoni na gitaa moja, nahama nchi baada ya nchi, na gitaa ndilo kitu pekee nilicho nacho ambacho kikipotea siwezi kukinunua tena dukani. Ndege ya jana ilikuwa ya tisa. Mara nane zote gitaa liliingia nami ndani, likalala kwenye kabati la juu ya viti, halikumsumbua mtu. Ya tisa, mhudumu wa getini akalitazama akasema, "Hilo linashuka chini kwenye mizigo." Nikamfungulia simu nikamwonyesha ukurasa wa shirika lao wenyewe unaosema ala ndogo za muziki zinaruhusiwa ndani nafasi ikiwepo. Nikamwambia niko karibu na mwanzo wa foleni, makabati bado matupu. Hakutazama hata simu. Akatoa lebo yenye kamba, akaweka kidole kwenye mstari: saini hapa.

Nikaisoma. Imeandikwa kwamba mzigo ni dhaifu, haukufungwa ipasavyo, na shirika halitahusika na uharibifu wowote. Haukufungwa ipasavyo! Liko kwenye kasha la ganda gumu, na yeye hajalifungua aone ndani. Nikauliza, nisiposaini je? Akajibu, "Basi husafiri leo." Nyuma yangu foleni nzima ya watu wananisukuma kwa macho. Nikasaini. Hapo ndipo panaponiuma kuliko hata ule ufa, kwa sababu sahihi ile niliitoa nikiwa sina njia nyingine, na wao wanajua hivyo.

Lilipotoka upande wa pili, kasha halikuwa na mkwaruzo. Ndani, kichwa kimevunjika. Dawati la malalamiko likanijibu kwa sentensi mbili: kasha halijaumia, kwa hiyo gitaa lilikuwa na kasoro yake, halafu tazama, umesaini.

Ndugu wa dawati la malalamiko, ngoja nikueleze gitaa linavyovunjika, maana inaonekana hakuna aliyewahi kukueleza. Ndani ya kasha, mwili wa gitaa umeshikwa na shingo imelazwa kwenye kitako chake, lakini kichwa kinaelea hewani, na kimebeba vikaza nyuzi sita vya chuma. Kasha likiangushwa chali, mwili unasimama ghafla pamoja na kasha, kichwa kinaendelea kwenda. Nguvu yote inaishia pale shingo inapokutana na kichwa, mahali pembamba kuliko pote, ambapo tena pamechimbwa mfereji wa fimbo ya chuma inayonyoosha shingo. Na kwa kuwa kichwa kimeinamishwa nyuma, mishipa ya mbao pale imekatwa mifupi. Juu ya hayo nyuzi sita za chuma zinavuta kwa jumla ya zaidi ya kilo 70 mchana na usiku. Ufa mdogo ukianza, nyuzi zinaumalizia. Kwa hiyo kasha zima na kichwa kilichovunjika ni ushahidi kwamba mzigo uliangushwa. Fundi yeyote wa magitaa atakuambia hivyo kabla hajaketi.

Na msiniambie nilikuwa mzembe. Nilikuwa nimejaza nguo laini chini ya kichwa na pande zote. Nilikuwa nimelegeza nyuzi kidogo. Miezi yote hii natembea na kipima unyevu ndani ya kasha kuhakikisha nabaki kati ya asilimia 45 na 55, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno na mbao inapasuka. Miezi miwili iliyopita fundi alilikagua lote akaniambia halina tatizo. Nina picha nilizopiga asubuhi ileile, kasha likiwa wazi. Kasoro gani basi hiyo ya tangu awali?

Sasa tuje kwenye sheria, maana nimekesha naisoma. Safari nyingi za ndege za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Ibara ya 17 inasema shirika linawajibika kwa mzigo uliosajiliwa ukiharibika ukiwa mikononi mwao. Mimi sihitaji kuthibitisha nani aliuangusha. Wameachiwa mwanya mmoja, kwamba hawalipi kwa kiasi ambacho uharibifu umetokana na kasoro au udhaifu wa asili wa mzigo wenyewe, na ndiyo maana kila dawati duniani linakariri neno hilo "kasoro". Lakini someni Ibara ya 26: sharti lolote linalomwondolea msafirishaji wajibu wake au kushusha kikomo cha fidia ni batili. Batili! Ile lebo waliyonisainisha kwa vitisho, ile sentensi ya "shirika halitahusika", haiwezi kuufuta mkataba. Wanasheria wao wanalijua hili. Wanaendelea kuichapisha kwa sababu abiria akishaona sahihi yake anajiona amekosa, anakata tamaa, anaondoka zake. Huu ni udanganyifu na nausema wazi.

Kingine ambacho hakuna mtu kaunta atakuambia: fidia ina kikomo. Tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), karibu dola 2,000 za Marekani, na humo mnaingia mizigo yako yote. Mwenye gitaa la thamani zaidi anaruhusiwa na Ibara ya 22 kutoa tamko maalumu la thamani anapokabidhi mzigo, akalipa nyongeza ikihitajika, kikomo kikapanda. Jana nililiomba tamko hilo palepale getini. Yule mhudumu alinitazama kana kwamba nimetunga neno. Yaani lebo ya kujivua wajibu iko mfukoni tayari, fomu ya kunilinda mimi haijulikani hata jina.

Kuhusu kuingia nalo ndani, kuna mahali jambo hili limeamuliwa. Marekani walipitisha sheria mwaka 2012, na kanuni yake ikaanza kutumika Machi 6, 2015: shirika la Marekani lazima likubali ala ndogo kama gitaa iwe mzigo wa mkononi, mradi itoshe kwenye kabati au chini ya kiti na nafasi iwepo wakati abiria anapanda. Akiwahi, amewahi. Hawatakiwi kukuambia uiondoe kwa sababu waliopanda nyuma wana masanduku. Lakini ukipanda shirika la nchi nyingine kanuni hiyo haikusindikizi, unabaki na hali ya moyo ya mtu mmoja aliyesimama getini. Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka ni bahati nasibu moja. Kwa sisi tunaohama kila baada ya miezi miwili ni bahati nasibu isiyoisha, na ukishindwa mara moja tu umekwisha.

Nani atasema nilipie tangu mwanzo kama mzigo mkubwa? Piga hesabu. Mashirika mengi yanataka urefu, upana na kina vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Kasha la kawaida la gitaa lina urefu wa takriban 110, upana 42, kina 15: jumla 167. Hapo umeshazidi, unalipishwa mzigo wa ukubwa kupita kiasi kwa kitu chenye kilo sita au saba, wakati mwenzako anapitisha sanduku la kilo 23 bila neno. Na ukishalipa, linapita kwenye mikono ileile.

Kununulia gitaa kiti chake? Inawezekana, nimewahi kuuliza mara mbili. Mara zote mbili tovuti ilikataa tiketi isiyo na jina la mtu, nikapigishwa simu siku nzima. Gharama yenyewe kwa safari za mwaka mzima hata siisemi.

Halafu kuna mipakani. Ubao wa vidole wa gitaa langu ni wa jamii ya Dalbergia, jamii moja na mpingo. Januari 2, 2017 jamii nzima iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, watu wakahangaika na vibali. Tangu Novemba 26, 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa, isipokuwa zenye mbao ya Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo iko Kiambatisho cha I tangu 1992 na sharti lake ni kali kweli. Langu si hiyo, na nina karatasi ya mtengenezaji inayosema hivyo. Bado mpaka mmoja ulinikalisha saa tatu kwa kanuni iliyokwisha kubadilishwa, ofisa anagonga gonga ubao kwa kalamu. Kwa kalamu, wakuu.

Mnaokuja kuniambia "acha nyumbani" au "nunua la bei nafuu kila unapofika", tafadhali piteni kimya. Shingo hii imelainika mahali dole gumba langu linapokaa. Nimejifunzia hapa, nimewapigia hapa watu ambao lugha zao sizijui tukaelewana usiku mzima. Mpiga gitaa anayehama nchi hadi nchi hajabeba pambo.

Na wala si jambo jipya. Mwaka 2008 Dave Carroll, mwanamuziki wa Kanada, alivunjiwa gitaa lake aina ya Taylor kwenye mizigo ya ndege, matengenezo yakamgharimu dola 1,200. Alidai miezi mingi, akakataliwa. Waliamka pale tu alipoimba kisa hicho na kukiweka intaneti Julai 2009, mamilioni wakakitazama. Mimi sina mamilioni. Miaka yote hiyo imepita na bado lebo ileile inatembea getini.

Ninachohitaji kwenu ni kitu mahususi. Aliyewahi kudai akalipwa hali amesaini lebo ile, aweke hapa alivyoandika barua, maneno yaleyale kama anayo. Mliwatajia Ibara ya 26 moja kwa moja au mlianza na ripoti ya fundi? Na je, kuna aliyekataa kusaini getini akasafiri bado?

Malalamiko ya uharibifu lazima yafike kwao kwa maandishi ndani ya siku saba tangu kupokea mzigo, na kauli ya mdomo pale dawatini haihesabiki, msije mkakosea hapo. Kwangu siku moja kati ya hizo saba imeshapita. Fundi ameahidi kuniandikia ripoti kesho mchana, picha nimeshazipanga, na kipande cha lebo yenye sahihi yangu nimekibandika ukurasa wa kwanza.