Kuta za misheni ya zamani: saruji au chokaa?

Mleta mada: Makanisa mengi ya zamani ya Methodisti huku Pwani ya Kenya yana kuta za mawe ya matumbawe zinazovuja. Kamati za ujenzi zinataka kupiga plasta ya saruji. Wengine wanasema hiyo ni kuua jengo. Tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza: Saruji ni sawa. Inashika siku hiyo hiyo, kila fundi kijijini anaijua, na fedha za harambee hazingoji. Waumini wa Ribe au Jomvu, misheni za zamani karibu na Mombasa, wanataka kanisa lisilovuja Jumapili, si makumbusho.

Fundi chokaa: Hapana, ndugu yangu. Jiwe la matumbawe linapumua. Unyevu unapanda kutoka chini pamoja na chumvi, nao hutokea usoni mwa ukuta. Ukiuziba kwa saruji, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kulisukuma jiwe. Baada ya misimu michache plasta inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Kipande cha plasta kikianguka, geuza upande wa nyuma: utaona unga mweupe na vipande vya jiwe.

Tumia chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha kutiwa maji, na kulazwa kwenye shimo lenye maji miezi mitatu au zaidi. Kipimo ni karai 1 ya chokaa kwa karai 3 za mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka nyembamba, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Plasta ikikauka upesi inapasuka, na hapo ndipo wengi huilaumu chokaa bure. Saruji ya zamani itoe kwa patasi na nyundo, si kwa mashine. Na kabla ya yote, chimbeni mfereji wa kuondoa maji ya mvua, maana bila huo hata chokaa haisaidii.

Mchangiaji wa tatu: Niongeze hili. Misheni ya Ribe ilianza 1862 na mmisionari Thomas Wakefield, na mkewe Rebecca Wakefield amezikwa pale tangu 1873. Lakini waliojaza misheni hizo walikuwa pia watoro wa utumwa, na Januari 1889 wengi wao walipewa hati za uhuru. Majina yao hayako kwenye mawe ya makaburi. Kamati ikiweka bango, waandikwe nao, la sivyo tunakarabati nusu ya historia.

Mchangiaji wa kwanza: Miezi mitatu ya kungoja chokaa inaniuma, lakini hoja ya chumvi nimeikubali. Nani atatufundishia vijana wetu kuizima?