"Nimefika jana" ni have arrived au arrived? Nachanganya -me- na -li-

kiu_ya_lugha
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwenye nyakati za Kiingereza. Kanuni niliyoishika ni kwamba -li- ni wakati uliopita na -me- ni have au has. Nikiifuata, bado sentensi nyingi zinarudi na wino mwekundu. Hizi nne zimekataliwa:

I have arrived yesterday.
He has worn a blue shirt.
I am living in Tanga since 2015.
When I will reach home, I will call you.

Ya pili namaanisha amevaa sasa hivi, namwona. Kwa Kiswahili zote zimekaa sawa: nimefika jana, amevaa shati la bluu, ninaishi Tanga tangu 2015, nitakapofika nyumbani nitakupigia. Zinaharibika wapi?

Kalamu Nyekundu
Mkuu, kinachokuangusha ni hiyo kanuni yenyewe. -me- yetu inabeba mizigo ambayo Kiingereza kimeigawa sehemu tatu, na have ni sehemu moja tu.

Tuanze na jana. Have pamoja na umbo la tatu la kitenzi, ile hali timilifu, haikai sentensi moja na wakati uliokwisha. Yesterday, last week, two days ago, in 2015, when I was a child: ukitaja chochote cha namna hii, kitenzi kinarudi wakati uliopita wa kawaida. I arrived yesterday. Swali la when ni hivyo hivyo: When did you arrive? na wala si When have you arrived? Tunaandika Nyerere died in 1999, kwa sababu mwaka umetajwa na umepita.

Pa kuangalia sana ni today, this week, this morning. Hayo yanategemea saa unayosema. Saa nne asubuhi unauliza Have you seen him this morning? kwa kuwa asubuhi haijaisha. Swali lile lile saa tisa alasiri linakuwa Did you see him this morning? Kwa hiyo kabla ya kuandika have, jiulize: muda niliotaja bado uko wazi, au umefungwa? Kama hukutaja muda wowote na unachojali ni matokeo yaliyopo sasa, have inafaa: I have lost my key, yaani sasa hivi siwezi kuingia.

Sasa shati. Kuvaa, kulala, kusimama, kuchoka, kushiba, kuiva: vitenzi hivi vikichukua -me- vinaeleza hali iliyopo, na Kiingereza kinatumia am, is au are. Amevaa shati la bluu ni He is wearing a blue shirt. Amelala, he is asleep. Amesimama mlangoni, she is standing at the door. Nimechoka, I am tired. Ndizi zimeiva, the bananas are ripe. Kipimo chake: kama sentensi inajibu "yukoje?" badala ya "amefanya nini?", achana na have. Ukisema He has worn a blue shirt, msikilizaji anaelewa kwamba huko nyuma aliwahi kulivaa, basi.

Bint Pangani
Naongezea ya tatu na ya nne, maana hapo -me- haimo kabisa na bado watu wanakwama.

Ya tatu, Kiswahili kina -na- lakini Kiingereza ndicho kinachotaka have. Jambo likianza zamani na likawa bado linaendelea, unasema I have lived in Tanga since 2015, au I have been living. Since inafuatwa na mwanzo: since 2015, since Monday, since I left school. For inafuatwa na urefu: for three years. Since three years ni kosa ninalolikuta kila mahali. Na uwe mwangalifu: I lived in Tanga for three years maana yake umeshahama. Kwa vitenzi kama know, usiweke -ing: I have known her for ten years.

Ya nne: sisi tunaweka -ta- pande zote mbili, nitakapofika nitakupigia. Kiingereza kinaweka will upande mmoja tu. Baada ya when, before, after, until na as soon as zinazoonyesha wakati, kitenzi kinabaki wakati uliopo ingawa jambo ni la kesho: When I reach home, I will call you. When ya kuuliza haimo kwenye kanuni hii. When will you reach home? ni sahihi, na I don't know when he will come pia ni sahihi.

Mtego wa -nge- unafanana na huo. Ungekuja, ningefurahi: -nge- mbili, ndipo mtu anaandika If you would come, I would be happy. Would ikae upande wa matokeo tu: If you came, I would be happy. Kama nafasi imeshapita: If you had come, I would have been happy. Siku hizi wengi wetu tunatumia -nge- hata pale -ngali- ilipostahili, kwa hiyo usiangalie kiambishi. Angalia kama jambo bado linawezekana.

fundi_sarufi
Kalamu Nyekundu umeeleza vizuri, ila kuna mahali pamebana mno. Wamarekani wanasema I already ate na Did you eat yet? kila siku, na hawajakosea. Uingereza wangesema I've already eaten. Kwa mtihani wa shule zetu, ambazo zinafuata Kiingereza cha Uingereza, andika have. Ukimsikia Mmarekani akisema vingine, usidhani kakosea.

Halafu ziko alama za Kiswahili zinazokupeleka kwenye have bila wasiwasi: -mesha-, -ja- ya kukanusha, na -wahi. Nimeshakula, I have already eaten. Hajaja, he hasn't come yet. Umewahi kufika Pemba? Have you ever been to Pemba? Hapo ni been kwa sababu mtu alikwenda na kurudi. She has gone to Pemba, bado yuko huko.

Na baada ya did kitenzi kinarudi umbo la kwanza: I didn't go. I didn't went ina alama ya wakati uliopita mara mbili.

kiu_ya_lugha
Asanteni sana, mmenifungua. Moja bado: "Nilipofika alikuwa ameondoka" na "Nilipofika aliondoka". Pia nimejaribu sentensi hii: I have been to Mombasa last year, but I didn't saw the port.

Kalamu Nyekundu
When I arrived, he had left: hukumkuta. When I arrived, he left: alikuona, kisha akaenda zake. Had inakwenda kwa tukio lililotangulia. "Nilikuta ameondoka" nayo ni I found that he had left, ingawa Kiswahili kimeweka -me- tupu. Kama unasimulia kwa mpangilio, ile -ka- ya nilikwenda nikanunua nikarudi, huhitaji had hata moja: I went to the market, bought some fish and came back. Vyote vitatu viko wakati uliopita. Wengi huanza na went kisha wanateleza na kuandika buy.

Bint Pangani
Sentensi yako ya Mombasa ina makosa mawili. Last year imefunga muda, kwa hiyo have inaondoka, na been nayo inageuka went. Saw inarudi see kwa sababu ya did. I went to Mombasa last year, but I didn't see the port. Ukitaka kubaki na have been, futa last year.