Shahada ya muziki: kanuni za sauti nne zinamfaa nini mwalimu mtarajiwa?

Mpigakinanda:
Naomba ushauri wenu, ndugu zangu. Nimekubaliwa kusoma shahada ya muziki yenye nadharia, historia na ualimu ndani yake. Kinanda nakipiga kwa kusikia, na wimbo nikiusikia naupatia kodi zake, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kuusindikiza, bila karatasi, lakini noti nazisoma polepole sana. Walionitangulia wananiambia kwamba mwaka wa kwanza umejaa kanuni za sauti nne, yaani za kuandikia soprano, alto, tena na besi, hasa ile inayokataza sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa tano, kama do na sol, ambayo ni ya tano ukihesabu kuanzia do, ilhali nimezisikia kwaya zikiimba hivyo na zikapendeza. Kanuni hizo zina manufaa gani kwa mtu anayekusudia kuwa mwalimu, na nijiandae vipi ili nadharia isiniharibie sikio?

Besi wa Nyuma:
Hongera. Kanuni hiyo ina sababu ya kisikio kabla ya kuwa amri ya kitabu. Besi aimbe do, na soprano aimbe sol juu yake: mitetemo ya sauti hizo ina uwiano wa 3 kwa 2, uwiano sahili unaozidiwa na ule wa oktava tu (do hadi do ya juu yake), wa 2 kwa 1, ndiyo maana hushikamana mno. Sasa wote wawili wapande hatua moja, wafike re na la. Msikilizaji hasikii tena waimbaji wawili wenye njia zao, anasikia mstari mmoja ulionenepa. Anayetaka kila sauti ijitegemee ana sababu ya kulikwepa jambo hilo. Asiye na nia hiyo hafungwi nalo. Mtunzi Johann Joseph Fux aliyapanga mafunzo ya uandishi wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1725, na mtunzi Haydn alijisomea mwenyewe kwa kitabu hicho.

Sikio lako halitaharibika. Kinachowatoa jasho wapigaji wa kusikia ni imla: mhadhiri hupiga kipande kifupi mara kadhaa, nawe unakiandika. Mara ya kwanza hesabu mapigo tu, na ujue wimbo umeanzia na kuishia sauti gani. Mara ya pili weka urefu wa kila noti bila kujali kimo chake. Ndipo ujaze sauti zenyewe. Una akiba kubwa, kwa sababu tayari unasikia kodi zinapobadilika. Unachokosa ni mkono wa kuandika.

Mpenda Nyaraka:
Nakubaliana naye, ila ameiacha historia, ambayo wengi huidhania kuwa ni kukariri majina na miaka ya watunzi. Maandishi ya karne ya 9 kuhusu uimbaji wa kanisani Ulaya yanafundisha kwamba kuimba sambamba kwa umbali wa nne au wa tano ni njia halali ya kuupamba wimbo. Katazo lilikuja karne nyingi baadaye. Naye J. H. Kwabena Nketia, mtaalamu wa muziki kutoka Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu muziki wa Afrika, anaeleza kuwa zipo jamii zinazoimba sambamba kwa umbali wa tatu, wa nne au wa tano, kila moja kwa mazoea yake. Kwaya ulizozisikia hazikukosea kitu. Asiyesoma historia huhitimu akidhani mtindo wa Ulaya ya karne ya 18 ndio muziki wote, kasoro ambayo, kwa maoni yangu, mitaala mingi bado inailea.

Mpigakinanda:
Nashukuru sana. Na ualimu? Husemwa kuwa ni mkondo wa walioshindwa jukwaani.

Mwalimu wa Solfa:
Maneno hayo yapuuze. Hata majina tunayoimbia sauti yalizaliwa katika kufundisha: Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, alitafuta njia ya kuwawezesha waimbaji kuimba wimbo wasiowahi kuusikia, akautumia utenzi wa Mtakatifu Yohane, ambao vipande vyake sita vya mwanzo huanza kila kimoja hatua moja juu ya kilichotangulia. Humo zikatoka ut, re, mi, fa, sol na la, kisha baadaye ut ikawa do.

Utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, utaona darasa likikwama pale wimbo unaporuka kutoka do hadi la, na kurudia wimbo mzima mara kumi hakutasaidia. Utenge mruko huo. Wapandishe wanafunzi do, re, mi, fa, sol, la, kisha waziimbe zile nne za katikati moyoni tu, midomoni zibaki do na la, ndipo urudi kwenye mstari wenyewe. Kwa hiyo, kabla masomo hayajaanza, jizoeze kuimba unachokisoma badala ya kukipiga tu, kwani kinanda humpa mpigaji sauti iliyokwisha kupimwa, ilhali katika darasa lisilo na kinanda utategemea koo lako.